Kiungulia na dawa za maumivu, mbona hapa mnaparuka?

Mhariri, ukurasa wenu wa afya nausoma kila ukitoka na makala za kiungulia zimekuwa nyingi, mara tangawizi, mara siki ya tufaha, mara mnanaa, sawa, ila kuna swali moja hamjawahi kumuuliza msomaji hata siku moja: wewe unameza dawa gani ya maumivu?

Maana kwa wengi shida inaanzia hapo. Nina shangazi yangu goti linamsumbua, asubuhi kabla hata ya chai anatupia ibuprofeni na funda moja la maji anarudi kujilaza, jioni kifua kinawaka moto anakoroga magadi soda kwenye glasi, na ukimuuliza anakwambia kiungulia ni cha ukoo. Jamani! Ibuprofeni, diklofenaki, aspirini, zote zinatuliza maumivu kwa kuzuia mwili usitengeneze kemikali zinazoitwa prostaglandini, na hizo hizo prostaglandini ndo zinasaidia utando wa tumbo ujikinge na asidi. Hata ukichomwa sindano ya diklofenaki badala ya kidonge tumbo halijapona, dawa inalifikia kupitia damu. Na kidonge cha kumeza na maji kiduchu halafu ukalala saa hiyo hiyo kinaweza kukwama njiani kikaunguza umio pale pale.

Tuje kwenye hizo za asili. Magadi soda yanapoza kweli, kwa muda, lakini yana sodiamu nyingi, mwenye presha ayaogope. Mnanaa ndo kichekesho, unalegeza ule msuli unaofunga tumbo kwa juu, asidi inapata njia. Siki na limau ni asidi juu ya asidi. Halafu kuna gome la mti wa willow linauzwa kama kituliza maumivu cha asili, lina salisini, ambayo mwilini inageuka kuwa kitu cha familia ya aspirini, yaani mtu anakimbia kidonge anaenda kukutana nacho kwenye kikombe.

Mi sisemi watu wakae na maumivu. Paracetamol kwa kawaida ni pole zaidi kwa tumbo, ilimradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mnywaji wa pombe au mwenye ini bovu aulize kwanza maana huko ini ndo linaumia. Ibuprofeni ikibidi, na chakula, dozi ndogo, siku chache. Ila anayemeza aspirini kwa ajili ya moyo asije akaiacha kisa barua yangu, aongee na daktari wake.

Na makala ijayo hili liwekeni juu kabisa, sio mwishoni kwa viherufi vya sisimizi: chakula kukwama kooni au kukonda bila sababu, nenda kapimwe, na choo cheusi kama lami au kutapika damu ni hospitali saa hiyo hiyo, tangawizi weka pembeni.

Msomaji wenu