Maziwa yanaishia wapi

Mpendwa Tumaini,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia umeruhusiwa kurudi Makete na mwanao njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati. Umeuliza mbona ananyonya vizuri ila mizani haipandi. Ndugu yangu, usiyalaumu maziwa yako kabla hujaangalia yanaishia wapi.

Mtoto mchanga aliyetulia hutumia mililita 6 hadi 8 hivi za oksijeni kila dakika kwa kila kilo yake, kama mara mbili ya mtu mzima. Oksijeni hiyo ndiyo inayounguza chakula. Na baridi ya huko mwezi wa saba unaijua. Njiti hatetemeki ili apate joto. Hutegemea mafuta ya kahawia ya mabegani na shingoni, nayo anayo kidogo, kwa kuwa hujazana miezi ya mwisho ya mimba. Akipoa, anaunguza akiba hiyo pamoja na maziwa uliyompa, anahitaji hewa zaidi, sukari ya damu inashuka, anachoka hata kunyonya. Ukigusa nyayo ukazikuta baridi ilhali tumbo lina joto, ujue ameshaanza kupoa.

Basi akae kifuani kwako kutwa kucha, ngozi kwa ngozi: nepi, kofia na soksi tu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuka upande. Kitenge kimshike vizuri mpaka chini ya sikio. Shingo isiiname mbele, maana njia yake ya hewa ni laini, huziba upesi. Baba yake naye ana kifua, apokee zamu.

Kwa kilo zake 1.8, ukikadiria mililita 160 za maziwa kwa kilo, ni mililita 288 kwa siku: 36 kila baada ya saa 3, usiku pia. (Kama wodini walikupa kipimo kingine, fuata chao.) Karibu nusu ya nguvu ya maziwa hayo huishia kwenye kupumua, moyo na ubongo. Akikua vizuri ataongeza gramu 27 hivi kwa siku. Mpime kwenye mizani ile ile.

Ukitumia kikombe, ukingo uguse mdomo wa chini, alambe mwenyewe, usimmiminie. Ikipita nusu saa mpumzishe, kwani jasho la kunywa linazidi anachopata. Kamua kidogo kwanza, kisha umpe ya mwishoni, ndiyo yenye mafuta. Na maji ya glukosi, hapana kabisa. Mafuta yakiungua kwa sehemu 10 za oksijeni hutoa 7 za kabonidioksaidi; sukari hutoa 10 kamili, na mapafu yake madogo ndiyo ya kuitoa yote.

Mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 60, mbavu zikibonyea, midomo ikiwa ya bluu au akikataa kunywa, usimlishe kwa mdomo. Nenda naye hospitali hivyo hivyo kifuani.

Niandikie uzito wa Jumatatu.

Wako,
Rehema