Sauti ya Juno-60 kwenye kompyuta

Mhariri,

Wapiga vinanda vya taarab hapa Lamu wakitafuta sauti nene ya nyuzi ya Roland Juno-60, kinanda cha umeme cha 1982, kwenye kompyuta, hukimbilia korasi, yaani kionjo kinachoifanya sauti moja isikike kama nyingi. Siri iko kwenye umbo la wimbi la sauti. Chagua wimbi la mraba, upana wake, yaani sehemu ya kila mzunguko ambayo wimbi liko juu, uyumbishwe polepole na wimbi la pembetatu, mzunguko mmoja kwa sekunde mbili, kati ya asilimia 50 na 90. Ukifika 100, sauti hukatika.

Programu haina kidhibiti cha upana? Washa mawimbi mawili ya msumeno, moja ligeuze juu chini, kisha lipishanishe tuni na jenzake kidogo mno. Yakilingana hufutana kwa nukta, si hitilafu. Korasi mwisho, kiasi. Ikizidi, zumari haisikiki.

Wapiga vinanda,
Langoni, Lamu