Kipimo cha tezi dume kiingizwe kliniki ya presha na sukari

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme machache kuhusu saratani ya tezi dume, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume wa nchi hii, na ambayo wagonjwa wake wengi hufika hospitali wakati daktari hana tena la kufanya ila kuwapunguzia maumivu.

Tumezoea kuambiana kwamba mwanaume akiona mkojo unatoka kwa kukatikakatika, au akiamka mara kwa mara usiku kwenda haja ndogo, aende akapimwe. Ushauri huo si mbaya, ila haumsaidii mwenye saratani changa. Dalili hizo mara nyingi hutokana na tezi kukua kwa sababu ya umri, hali inayowapata wazee wengi na ambayo si saratani. Saratani yenyewe kwa kawaida huanzia pembeni mwa tezi, mbali na mrija wa mkojo, kwa hiyo inaweza kukua kwa miaka bila mwenyewe kuhisi lolote, hata dalili ya kwanza ikawa maumivu ya kiuno au mgongo kwa kuwa imekwisha kuingia kwenye mifupa. Namfahamu mzee mwenzangu aliyechuliwa mgongo kwa dawa za kupaka na kumeza vidonge vya maumivu kwa miezi, sote tukiamini ni uzee na jembe, na hakuna aliyefikiria kumpima damu mpaka miguu ilipoanza kufa ganzi.

Kipimo cha kwanza ni damu hiyohiyo inayotolewa mkononi, ambayo maabara huitumia kupima protini ya tezi dume iitwayo PSA. Vijiweni mazungumzo huishia kwenye kidole, yaani kile anachoingiza daktari njia ya haja kubwa kuipapasa tezi, kwa vicheko. Kidole kina nafasi yake katika uchunguzi, lakini siyo lazima kitangulie, na kikihitajika hakimalizi hata dakika moja. Kinachonishangaza ni kwamba wanaokikwepa ili kulinda uanaume wao hawaambiwi kuwa tiba ya kawaida ya saratani iliyokwisha sambaa ni kuizima homoni ya kiume, ama kwa sindano za mfululizo, ama kwa kuondolewa korodani. Na asiyemudu gharama za sindano hubakiwa na kisu.

Wapo wataalamu watakaonikumbusha kwamba hata huko ng'ambo jambo hili lina mjadala, na wana haki. Mwaka 2012 jopo la Marekani la huduma za kinga lilishauri wanaume wasipimwe PSA kwa utaratibu wa jumla, kisha mwaka 2018 likalegeza msimamo na kusema wenye miaka 55 hadi 69 waamue baada ya kuzungumza na daktari. Utafiti mkubwa wa Ulaya, uliohusisha wanaume zaidi ya 160,000 wa umri huo na kutoa mwaka 2025 matokeo ya miaka 23 ya ufuatiliaji, ulionyesha kwamba vifo vya saratani hii vilipungua kwa asilimia 13 miongoni mwa walioalikwa kupimwa. Ulionyesha pia kwamba kuna wanaogunduliwa saratani ya polepole ambayo isingewaua kamwe. Siku hizi wengi wa hao hawakimbizwi kwenye upasuaji, bali hufuatiliwa kwa vipimo vya mara kwa mara. Hofu ya kugundua mno ni ya haki kwa nchi ambako wanaume wamekwisha kupimwa kwa wingi. Sisi tatizo letu ni kuchelewa, nasi ni watu ambao ndugu zetu Weusi wa Marekani hufa kwa saratani hii takriban mara mbili ya wenzao Weupe. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1997 akaishi hadi 2021, naye Mzee Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka 2001 na kuishi miaka 12 zaidi.

Sitetei kambi za upimaji za siku mbili. Mtu hupewa karatasi yenye namba, hema linang'olewa, naye anabaki hajui pa kwenda. PSA hupanda hata kwa maambukizi ya njia ya mkojo au mpira wa mkojo uliowekwa karibuni, kwa hiyo namba kubwa inahitaji kurudiwa, kisha picha au kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama ya tezi kikapimwe, na ikibidi rufaa ya kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza. Kazi hiyo inahitaji faili na mhudumu anayekukumbuka. Wanawake saratani ya mlango wa kizazi hupimiwa kliniki. Sisi wanaume, tukifika miaka 50, kliniki inayotuona kila mwezi ni ya presha na sukari, na pale tayari damu inatolewa. Muuguzi aulize umri, aulize kama baba au kaka aliwahi kuugua, na mwenye historia hiyo aanze akiwa na miaka 45.

Ningependa Wizara ya Afya itujibu kupitia gazeti lako: je, katika kitita cha bima ya afya kwa wote, PSA ya mwanaume wa miaka 50 asiye na dalili yoyote italipiwa, au atatakiwa kwanza aumwe?

Mwalimu mstaafu,
Morogoro