Mlete mtoto kabla jino halijamuuma

Miezi miwili iliyopita mama mmoja alituletea mwanawe wa darasa la kwanza hapa kwenye kliniki yetu ya meno. Mtoto alikuwa ameikumbatia nguzo ya baraza letu, hataki kuingia hata kwa kuvutwa. Gego la chini lilikuwa limemkesheza usiku kucha, na mama yake kakesha naye. Bibi aliyewasindikiza akajaribu kusaidia kwa namna aliyoijua: "Ingia, mume wangu, usilie. Ukilia daktari atakuongezea sindano."

Nilitoka nikamwamkia bibi, nikakaa kwenye ngazi kando ya mtoto. Ilituchukua karibu saa nzima kufika kwenye kiti. Gego lilikuwa limeoza hadi ndani kabisa, si la kuziba tena, likang'olewa kwa ganzi. Kazi iliisha salama. Lakini mtoto yule aliondoka akijua jambo moja tu kuhusu kliniki ya meno: ni mahali unapopelekwa una maumivu, unachomwa sindano, unarudi nyumbani na pengo. Ningekuwa mimi ndiye yeye, nami ningeikumbatia nguzo.

Watoto wengi wanaokuja hapa kwetu Ngamiani, Tanga, huingia na hofu tayari imo ndani yao. Nyingine ni ya umri. Mtoto wa miaka miwili humwogopa mgeni yeyote, na mgeni akivaa barakoa ndiyo kabisa. Hiyo hupita yenyewe. Nyingine ni kumbukumbu ya chanjo na sindano za homa, maana kwa mtoto daktari ni daktari, hajui huyu wa meno na yule wa tumbo. Ila iliyo kubwa ni ile tunayoipika wenyewe nyumbani. "Usipokula nitakupeleka ukang'olewe meno." "Endelea na utundu, nitamwambia daktari akuchome." Halafu siku jino linapouma tunamgeukia na kumwambia daktari yule yule ni rafiki. Na baba naye, mtoto akiwa anasikiliza, anasimulia jinsi alivyong'olewa gego akiwa shule ya bweni, ganzi ikakataa, wakamshika watu wawili. Baba, hadithi ni tamu, lakini itunze mpaka mtoto amelala.

Kwa hiyo ombi letu kwa wazazi ni moja: siku ya kwanza ya mtoto kwa daktari wa meno iwe siku ambayo hana kinachomuuma. Jino la kwanza huota karibu na miezi 6, na kufikia miaka mitatu hivi meno yote 20 ya utoto yameshatoka. Ukimleta akiwa na mwaka mmoja, vizuri sana. Akiwa na minne au mitano na hajawahi kuja, hujachelewa, mlete tu. Siku hiyo tunahesabu meno, na kwa kuhesabu hatutozi.

Kuhesabu kunakwendaje? Mdogo asiyefika miaka mitatu hatumpandishi kitini. Mimi na mzazi tunakaa tukitazamana, magoti yamegusana, mtoto anamlalia mzazi miguuni na kichwa chake kinakuja mapajani kwangu. Anamwona mama yake muda wote. Wengi hulia, na nikwambie siri ya kazi hii: mtoto anayelia amefungua mdomo. Dakika moja inatosha kuona meno yote na fizi, kisha anarudi begani kwa mama.

Mkubwa kidogo tunampeleka polepole. Kwanza anaambiwa, kisha anaonyeshwa, ndipo anafanyiwa, na hatuiruki hata hatua moja. Kioo kidogo anakishika yeye, ananihesabia mimi meno yangu kwanza. Kiti anakipandisha na kukishusha mwenyewe (wapo waliokuja kwa ajili ya kiti tu, sijali). Upepo unaokausha jino tunaupuliza kwenye kiganja chake. Brashi inayozunguka inapita kwenye ukucha, anacheka, kisha ndiyo inapita kwenye jino. Na tunakubaliana alama: akiinua mkono, ninaacha. Kila mtoto hujaribu, anainua mkono kuona kama nitaacha kweli. Ninaacha. Baada ya mara mbili tatu hivi hainui tena, maana ameshajua kwamba neno langu si la uongo.

Neno la uongo ndilo linaloharibu kazi. Mzazi akimwambia mtoto "hutachomwa" halafu akachomwa, tumempoteza mtoto huyo kwa miaka. Usiahidi usichokijua. Wala usimwambie "usiogope", kwa sababu mtoto hujiuliza mara moja: kumbe kuna cha kuogopwa? Mwambie tu, "Kesho asubuhi tunakwenda kuhesabiwa meno, na mimi nitahesabiwa." Kesho inatosha, usimtangazie wiki nzima kabla. Akiuliza kama ataumia, jibu zuri ni "sijui, tutamuuliza daktari pamoja," na sisi tutamjibu kwa lugha yake. Ganzi ninamwambia ni dawa ya kulilaza jino. Kwanza tunapaka ile ya jeli kwenye fizi, tunasubiri kidogo, kisha ninamwambia ukweli: utasikia kama kuminywa, nitahesabu hadi kumi. Na ninahesabu hadi kumi, sifiki kumi na moja.

Asubuhi ndiyo saa nzuri, awe ameshakunywa uji na hana usingizi. Na tafadhali, pipi isiwe zawadi ya ujasiri. Mnunulie kalamu za rangi.

Mzazi anaruhusiwa kuingia na kumshika mtoto mkono. Tunachoomba ni sauti moja chumbani. Mama akisema "fungua", mimi nikisema "fungua", bibi akichungulia dirishani naye aseme "fungua", mtoto atafunga.

Kuna jambo wazazi wengi hawalijui, na lingewapunguzia wao wenyewe hofu: si kila jino bovu la mtoto linataka sindano na mashine. Upo utaratibu wa kuchokoa sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono, mfano wa vijiko vidogo sana, na kuliziba jino kwa dawa inayoshikana nalo na kutoa floraidi, madini yanayolikinga jino lisioze. Hakuna mlio wa mashine, na mara nyingi hakuna ganzi. Utaratibu huo haukuja kwetu kutoka ng'ambo. Ulianza kutumika hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya watu wasio na umeme wala kiti cha meno, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaupigia debe kwa dunia nzima. Leo unatumika hata katika nchi zenye umeme wa kumwaga, na sababu kubwa ni watoto wenye hofu.

Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi. Tunaikausha sehemu iliyooza, tunaipaka kwa brashi ndogo, basi. Mara nyingi huzuia jino lisiendelee kuoza, ingawa huenda likahitaji kupakwa tena baada ya miezi kadhaa. Mwaka 2021 iliingia katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo hilo. Kasoro yake ninaisema mapema: pale palipooza patakuwa peusi, na weusi huo hautoki. Kwa gego la nyuma wazazi hawana neno. Kwa jino la mbele tunazungumza kwanza.

Bila shaka utaniuliza kwa nini tujisumbue na jino litakalong'oka lenyewe. Meno ya mbele, sawa, huanza kutikisika karibu na miaka 6 na kurushwa juu ya bati. Lakini magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Hiyo ni miaka mingi ya kutafuna upande mmoja na kukesha. Na gego la utoto likiondoka mapema, majirani zake husogea na kuziba nafasi ya linalokuja. Halafu kuna hili linalotuponyoka wengi: kwenye miaka 6 linaota gego la ukubwani nyuma kabisa ya mengine, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wazazi hudhani ni la utoto. Linaoza kwa lawalawa na ubuyu wa sukari, wanasubiri ling'oke liote jingine. Jingine halipo.

Wakati mwingine hakuna muda wa kubembeleza. Shavu au taya likivimba na mtoto ana homa, usisubiri Jumamosi yetu ya watoto, mlete siku hiyo hiyo. Uvimbe ukikaribia jicho, au akishindwa kumeza, kufungua mdomo au kupumua vizuri, nenda hospitali kubwa moja kwa moja hata kama ni usiku. Karafuu hutuliza maumivu kwa muda mfupi, haitibu usaha. Na wapo watoto wachache, wenye meno mengi mabovu kwa pamoja au wenye hali inayowafanya wasiweze kabisa kutulia kitini, ambao hutibiwa vizuri zaidi wakiwa wamelazwa usingizi hospitalini. Hao tunawaandikia rufaa na tunamweleza mzazi sababu. Kumshikilia mtoto kwa nguvu kwa ajili ya jino linaloweza kusubiri wiki mbili, hapana, hatufanyi.

Baada ya ganzi, mdomo hubaki mzito kwa saa mbili tatu, na mtoto hupenda kuutafuna kwa sababu hausikii. Mwangalie. Asile mpaka hisia zirudi.

Yule wa nguzo alirudi wiki iliyopita. Nguzo aliipita, ila kiti alikikataa. Alikaa kwenye benchi la chumba cha matibabu, akanifungulia mdomo pale pale nikahesabu kwa tochi, yakawa 21, akabisha, nikahesabu tena. Tumekubaliana atakuja mwezi ujao kukijaribu kiti, na bibi ameahidi kutomwambia lolote njiani.

Jumamosi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana tumeitenga kwa watoto peke yao, ili wasikae foleni moja na mtu mzima anayegugumia kwa maumivu. Kuhesabiwa meno hakuhitaji miadi. Kama mtoto wako husumbuliwa na kelele au mwanga mkali, tupigie simu siku moja kabla tumpe nafasi ya kwanza kabisa, kukiwa bado kimya. Aje na mwanasesere wake kama anaye, naye tutamhesabu. Viatu si lazima avue, kiti kinafutika.