Hayo maji ya kunyweshea nyasi yatatoka wapi?

Mhariri,

Ile habari yenu ya uwanja mpya wa gofu kando ya mto huku kwetu Kiambu nimeisoma mpaka mwisho. Ajira mmeandika, watalii mmeandika, bei za nyumba kupanda mmeandika. Gazeti lenu nalinunua tangu enzi za Moi na sijawahi kuwasumbua na barua, lakini hii mmenichokoza.

Hakuna mahali mmeuliza maji. Uwanja wa mashimo 18 unakula zaidi ya ekari mia moja, na kiangazi unaweza kumaliza hata lita milioni moja kwa siku, na huu mto wetu ikifika Februari mtoto anauvuka bila kukunja suruali. Halafu zile nyasi hazikui kwa maombi. Zinamwagiwa mbolea, dawa ya magugu, dawa ya kuvu, na mvua ya Aprili ikishuka zote zinateremka mtoni, maji yanashika mwani, mwani ukioza unamaliza hewa ya samaki. Miti ya ukingoni nayo wakishaikata ili wachezaji waone mpira umeenda wapi, nani atashika udongo? Na mto si wetu peke yetu, unaingia Athi, na Athi huko mbele ndio Galana, ndio Sabaki, unamwaga baharini karibu na Malindi, kwa hivyo hata mvuvi wa kule hizo dawa zinamhusu.

Nasema hivi kwa sababu mimi nakaa chini ya uwanja mwingine wa gofu, wa zamani, sitautaja. Nina kashamba kangu ka sukuma na nduma. Mwaka juzi jua limekaza, nikawasha kapampu kangu kakavuta tope kakaungua. Nikafuata mto kwenda juu, nikakuta paipu nene kama paja langu imezamishwa mtoni inavuta maji, na huko ndani wananyunyizia nyasi saa sita mchana jua likiwaka, nusu inapaa hewani kabla haijafika chini! Nikazunguka mpaka geti niulize. Askari ni kijana wa kwetu, mama yake namjua, ananiangalia shati ananiambia mzee, hapa huingii bila kola. Nikamwambia kijana, sikuja kucheza, nimekuja kuuliza maji. Akapiga simu ndani, akarudi na jibu ati niandike imeili. Imeili! Na sukuma inanyauka huku nyuma! Wiki hiyo hiyo akaja mtu wa ofisi fulani kuniuliza kibali cha kapampu, kapampu kenyewe kameshaungua, nikamwonyesha ile paipu akasema hiyo si sehemu yake. Na Mei 2024 baada ya mafuriko si serikali iliwabomolea watu Mathare na Mukuru ati wako ndani ya mita 30 za mto? Mama na watoto wake wakalala nje, tukaambiwa sheria ni sheria. Sasa hizi nyasi zinazochezewa mpaka kwenye maji yenyewe, mita zao zinapimwa na rula gani?

Na tukiwa bado kwa maji, mfereji wangu wa nyumbani siku nyingi unatoa hewa tu, lakini mita inazunguka na hiyo hewa na bili haijawahi kupotea njia. Hiyo pia mngeiandika, badala ya kujaza kurasa za spoti na watu wa kupeana vikombe.

Mimi sisemi wasijenge, najua watajenga, na ile karatasi ya mahudhurio tuliyosaini barazani kwa soda na mandazi itatolewa kama ushahidi kwamba sisi wananchi tulikubali. Ombi langu ni dogo. Maji ya jikoni ya hiyo klabu yasitoke kwa kisima wala kwa chupa, yavutwe mtoni, mita hamsini chini ya shimo la mwisho. Chai, supu, barafu ya kwa glasi, yote. Sherehe ya kufungua iwekwe katikati ya Aprili, asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, na kila mkubwa aliyeweka sahihi yake kwa makaratasi ya kuruhusu huo uwanja aketi meza ya mbele na jagi lake, amalize. Hata kola nitawanunulia wale ambao hawana.

Mkulima wa sukuma,
Kiambu