Nauli ya kutembea hutengwa siku bumu linapoingia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wanafunzi wenzangu wa vyuo vya Iringa na Mbeya, pamoja na wazazi wanaotusomesha, juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa ni anasa isiyotuhusu, nalo ni kuweka akiba ya kusafiri. Si nauli ya kwenda nyumbani wakati wa likizo peke yake, bali fedha ya kwenda kuiona nchi tuliyozaliwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nimepanga chumba Kihesa, na mkopo wangu wa chakula na malazi ni ule ule wanaoupata wenzangu, shilingi 10,000 kwa siku, ambao hunifikia kwa mafungu ya siku 60, na kila fungu sisi wanafunzi huliita bumu. Nje ya hapo ninategemea kidogo anachonitumia mama, anayeuza viazi Makambako. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba anayeandika ana mfuko mzito.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nikisema kama wanavyosema wengi: nikibakiwa nitaweka. Sikubakiwa hata mara moja. Bumu la shilingi 600,000 likiingia, wiki ya kwanza ilikuwa ya chipsi kuku, nguo za mtumba za soko la Mlandege na mabando ya intaneti ya wiki nzima, na ilipofika wiki ya sita nilikuwa nakula kwa daftari kwa mama ntilie, jina langu likiwa limeandikwa kwa kalamu nyekundu pamoja na majina ya wenzangu kumi na zaidi. Bumu la pili lilipoingia, sehemu yake kubwa ililipa deni la bumu la kwanza. Ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu halikuwa udogo wa fedha, maana wapo waliopata kiasi kile kile wakamaliza muhula bila deni. Kosa lilikuwa kungojea masalia, na fedha ya mwanafunzi haina masalia.

Mwaka wa pili nilikwenda kwa fundi seremala jirani, akanitengenezea kibubu kwa vipande vya mbao za paini, hizi zinazotoka msitu wa Sao Hill, ambavyo alikuwa amevirundika pembeni avitumie kama kuni. Nilimwomba asiweke mlango wala kufuli, apigilie misumari pande zote na kuacha tundu moja la kupitisha noti iliyokunjwa mara mbili, ili siku nitakapotaka fedha yangu nilazimike kukivunja. Siku ambayo bumu liliingia, kabla sijalipa kodi wala kununua hata sabuni, nilitoa shilingi 50,000 nikazitumbukiza humo. Baadhi ya jioni niliongeza chenji iliyonibaki mkononi, sarafu ya 500 au noti ya 1,000, na nilipokitikisa nilisikia uzito wake ukiongezeka, jambo ambalo lilinipa moyo kuliko tarakimu zozote kwenye kioo cha simu. Sisemi kwamba kuweka akiba kwenye simu ni vibaya. Nasema tu kwamba fedha iliyo kwenye simu ipo karibu mno na mkono, na kila unapoitoa kuna makato. Kwa wanaosafiri kikundi, huduma ya akiba ya vikundi kwa simu kama M-Koba inafaa zaidi, kwa sababu fedha ya kikundi haitoki mpaka viongozi wake waidhinishe, na hapo mwenye tamaa ya siku moja hawezi kuiharibu safari ya watu wote.

Najua swali litakalofuata ni kwamba hizo 50,000 zinatoka wapi. Kwangu zilitoka jikoni. Sahani ya wali maharage ya shilingi 2,000, mara mbili kwa siku, kwa siku 60, ni shilingi 240,000, na bado hujanywa chai. Tuliungana wasichana wanne, tukanunua gunia la mchele wa Mbarali kwa pamoja baada ya mavuno, wakati bei imeshuka, tukachukua maharage na viazi moja kwa moja kwa mama yangu, na tukagawana gharama ya mtungi mdogo wa gesi. Kila mmoja wetu alitumia kama shilingi 130,000 kwa siku zile zile 60. Ile 110,000 iliyookolewa ndiyo iliyotoa akiba ya safari, na kilichobaki kikaenda kwenye kudurufu vitabu na nauli za daladala. Kulikuwa na zamu ya kupika, na aliyekwepa zamu yake alilipa kwa kuosha vyombo siku tatu. Naomba niongeze, kwa uchungu kabisa, kwamba nimewaona vijana wenye akili nzuri wakiliingiza bumu lao kwenye kubeti kwa matumaini ya kulizidisha, na hakuna hata mmoja ninayemfahamu ambaye mwishowe hakuomba kuazimwa fedha ya kula.

Safari zetu za kwanza zilikuwa za karibu, na nawashauri wenzangu waanzie hapo kabla ya kuota Zanzibar. Tulikwenda Isimila, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, tukashuka kwenye gari tukatembea kwa miguu mpaka kwenye korongo lenye nguzo za mchanga na zana za mawe ambazo binadamu walizichonga mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Wiki nyingine tulikwenda Kalenga, ambako limehifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyefariki mwaka 1898, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kuna watu wanaosoma Iringa miaka mitatu, wakalitaja jina la Mkwawa kila siku, kisha wakaondoka bila kufika Kalenga, ilhali gharama yake ni nauli ya daladala na kiingilio kidogo.

Baada ya mafungu matatu ya bumu nilikivunja kibubu kwa nyundo ya jirani. Kilikuwa na shilingi 184,500, yaani 150,000 nilizotenga na 34,500 za chenji. Wote wanne tukasafiri kwenda Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Mtu anayetoka Iringa hana haja ya kuingia Mbeya mjini. Barabara ya Tukuyu na Kyela inachepukia Uyole, na ukishuka hapo unapanda kosta ya Kyela bila kulipa nauli ya kwenda mjini na kurudi. Nauli zote za kwenda na kurudi zilinigharimu 52,000, malazi ya usiku mbili katika chumba tulichogawana 30,000, chakula 22,000, na chungu kimoja 5,000. Chungu hicho nilikinunua katika soko la Jumamosi la Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi huleta vyungu vyao kutoka Ikombe kwa mitumbwi, huku milima ya Livingstone ikiinuka nyuma yao moja kwa moja kutoka majini. Nilikipakata mapajani njia nzima ili kisivunjike. Basi liliposimama Makambako nilimkabidhi mama dirishani, yeye ambaye mwanzoni alinionya kwamba fedha ya serikali ni ya kusomea, na kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama maji ya ziwa lile kweli hayana ng'ambo inayoonekana. Mama ameishi katika nyanda hizi maisha yake yote na hajawahi kulifikia. Tangu siku hiyo hajanikataza tena.

Suala la nauli linahitaji maneno machache zaidi, kwa sababu hapo ndipo akiba ya miezi mingi hupotea kwa asubuhi moja. Desemba moja nilichelewa kukata tiketi ya kwenda Dar es Salaam kumwona shangazi, na mpiga debe mmoja akanitajia bei iliyokaribia mara mbili ya kawaida, nami nikalipa kwa kuwa sikujua nauli halali ni kiasi gani. Kumbe hesabu yake si ngumu. Kwa viwango vya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023, basi la daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa kila abiria, kwa hiyo safari ya kilomita 500 hivi, kama ya Iringa hadi Dar es Salaam, inakuja shilingi 24,000 na ushee. Mwanafunzi akiijua hesabu hiyo, akadai tiketi yenye kiasi alicholipa, na akaikata wiki mbili kabla ya msongamano wa sikukuu, ameokoa fedha ambayo ingemchukua miezi kadhaa ya chenji kuirudisha.

Sasa tunajiandaa kwenda Kitulo, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua hayo huchanua wakati wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na njia ya kupandia kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57. Kwa Mtanzania kiingilio cha hifadhi sicho kinachotisha. Kinachotisha ni gari la kukodi, ambalo watu wanne hawaliwezi lakini watu kumi na wawili wanaliweza bila shida. Kwa hiyo tumejikusanya kumi na wawili, na kila mmoja ana kibubu chake. Kinachotukwamisha ni kutojua tarehe za mitihani mpaka zinapokuwa zimekaribia sana, kiasi kwamba hatuwezi kulipia gari wala kukata tiketi kwa bei nzuri. Naomba kupitia gazeti lako uongozi wa vyuo vyetu utoe ratiba ya muhula mzima mwanzoni mwa muhula, na ukiitoa usiibadilishe bila sababu nzito, kwa maana mwenye gari ametupa mpaka mwisho wa mwezi huu tumtajie siku.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Kihesa, Iringa.