Asante, kaka wa maktaba

Kaka tuliyekaa meza moja maktaba Jumamosi, uliondoka bila kutaja jina, basi nakushukuru hapa mbele ya watu. Wiki nzima nilikokotoa pH (kipimo cha uchachu) ya ethanoeti ya sodiamu, chumvi ya asidi ya siki, moli 0.10 kwa lita, kwa Ka (nguvu ya asidi) ya asidi ya siki, 1.8 × 10⁻⁵. Kila mara 2.87, uchachu wa siki yenyewe! Hukunipa jibu. Uliuliza, "Humo majini, nani anapokea protoni?" Ukachora mshale kwa penseli, ukaniambia nigawanye 10⁻¹⁴, kigezo cha maji, kwa Ka. Nikapata Kb, nguvu ya ethanoeti kama besi, yaani mpokea protoni: 5.6 × 10⁻¹⁰. pH ikatoka 8.87, upande wa besi. Kisha ukafuta yote: "Rudia mwenyewe." Nikarudia mara tatu, nawe umetulia tu, hata basi lako likakupita. Mnaoyajua haya, mkimwona mtu amekwama, vuteni kiti.